Nimepiga dawa mara 3 kwenye mpunga, funza bado wapo. Gharama naipunguzaje?

Mkulima wa Mbezi

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kwa wanaojua mpunga.

Nakaa Dar, shamba liko bonde la Ruvu, ekari 5, maji ya mfereji. Mbegu ni SARO 5, miche ilihamishwa ikiwa na siku 21, nafasi sentimita 20 kwa 20. Leo ni siku ya 28 tangu kupandikiza. Yanaonekana mambo matatu:

(1) Baadhi ya machipukizi jani la katikati limekauka, ukilivuta linachomoka bila shida.
(2) Majani yana mistari myeupe iliyonyooka kufuata urefu wa jani, zaidi kwenye majaruba (vipande vya shamba vyenye kingo za kushika maji) yanayopakana na pori.
(3) Kona ya jaruba moja mpunga ni wa njano na mfupi kuliko mwenzake.

Dawa ni lambda-cyhalothrin gramu 50 kwa lita, sh 24,000 kwa lita, imenunuliwa Kariakoo. Muuzaji alielekeza vifuniko 2 kwa bomba la lita 16. Kifuniko nimekipima, ni ml 20. Ekari moja inameza mabomba 7. Imepigwa siku ya 7, ya 16 na ya 25. Mpigaji analipwa sh 3,000 kwa bomba.

Niongeze dozi, nibadili dawa, au nichanganye mbili kwa mpigo? Mfuko unatoboka na mpunga haujabeba hata mimba (suke changa ndani ya bua).

Nozo Moja

Mkuu, weka chupa chini kwanza tupige hesabu.

Ml 40 mara mabomba 7 ni ml 280 kwa ekari. Kwa dawa ya nguvu hiyo, dozi iliyozoeleka kwenye mpunga ni karibu ml 100 kwa ekari (lebo ya chupa yako ndiyo hakimu, isome). Umemwaga karibu mara tatu. Ekari 5 kwa mizunguko 3 ni lita 4.2, sawa na sh 100,800. Sasa geukia upande wa pili: mabomba 105 kwa sh 3,000 ni sh 315,000. Jumla sh 415,800, yaani sh 83,160 kwa kila ekari, na dawa yenyewe haifiki hata robo yake. Ukizunguka Kariakoo nzima kutafuta chupa ya bei ya chini utaokoa elfu chache. Ukifuta mzunguko mmoja usio na sababu unaokoa sh 138,600.

Kosa limeanzia kwenye hayo maneno "vifuniko 2 kwa bomba". Kipimo cha kwa bomba hakina maana mpaka ujue ekari yako inameza mabomba mangapi, na hilo linategemea nozo (kichwa cha bomba kinachotoa matone), mwendo wa mpigaji na urefu wa mpunga. Pima hivi. Chomeka vijiti vinne ndani ya jaruba, mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu mpaka alama unayoijua, mpigaji yuleyule apige eneo hilo kwa mwendo wake wa kawaida, halafu ongeza maji kwa jagi lenye vipimo mpaka alama ileile. Ulichoongeza ndicho kilichotumika. Zidisha kwa 40, unapata lita za ekari moja. Ikitoka lita 2.6, ekari ni lita 104, mabomba 6 na nusu. Dozi ikiwa ml 100, gawa kwa 6.5, unapata ml 15 na ushee kwa bomba. Nunua bomba la sindano la ml 20 duka la dawa za binadamu, liandike "SUMU" kwa kalamu ya rangi, lisitoke stoo ya shamba. Vifuniko achana navyo, kila kampuni ina chake.

Usipime uani kwako kwenye saruji. Nozo inayotoa ml 800 kwa dakika, upana wa mita 1, mtu akitembea pakavu mita 60 kwa dakika, ekari inakula kama lita 53. Kwenye tope mtu huyohuyo anakwenda mita 30 kwa dakika, na ekari inakula lita 107. Ukichanganya dawa kwa kipimo cha uani ukaipiga kwenye tope, umepiga dozi mara mbili bila kujua.

Na hiyo nozo iangalie. Ishike juu ya jagi dakika moja, pima, kisha fanya vivyo hivyo na mpya ya aina ileile. Ya zamani ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, itupe. Tundu la plastiki hulika taratibu kwa maji ya mchanga, matone yanakuwa makubwa, yanateleza kwenye jani la mpunga na kuishia majini. Ikiziba tumia mswaki wa zamani na maji. Wanaochokonoa kwa sindano ndio wanaoipanua, na wanaoipuliza kwa mdomo tusiwaongelee.

Bi Majaruba

Hesabu ya Nozo Moja iko sawa, ila mimi naanza na swali lililo mbele yake: unapiga nini? Dalili zako tatu ni matatizo matatu tofauti, na dawa uliyonayo ina kazi kwenye mawili tu, tena kwa kiasi.

Moyo mkavu. Chomoa machipukizi kumi yaliyokauka, yapasue kwa wembe kuanzia chini. Ukikuta tundu la kuingilia lenye unga wa kinyesi, na ndani kiwavi mwenye kichwa cha kahawia na miguu, huyo ni funza wa mabua, jamii ya Chilo au Sesamia. Ukikuta funza wa rangi ya maziwa asiye na miguu, nyuma ana ncha mbili kama uma, huyo ni mtoto wa Diopsis, yule inzi mwenye macho juu ya vijiti virefu ambaye hukaa kivulini karibu na maji. Bua likiwa limekatwa mshazari kwa nje na vipande vimelala majini, ni panya, na hakuna kiuadudu kitakachokusaidia.

Awe Chilo au Diopsis, akishaingia ndani ya bua lambda haimfikii. Ni dawa ya kugusa, inabaki juu ya jani. Inamuua kiwavi katika zile siku chache baada ya kuanguliwa, anapotembea nje kutafuta pa kutobolea. Ndiyo maana kuongeza dozi hakutakupa chochote: mara kumi ya dawa isiyomfikia mdudu bado haimfikii.

Tena mpunga ulio kwenye kuchipua una akiba. Chipukizi moja likifa, shina linatoa jingine. Ndiyo sababu kiwango kinachotumika sehemu nyingi ni asilimia 10 ya mioyo mikavu kabla ya kufikiria dawa katika hatua hii. Chini ya hapo unalipia hofu.

Mistari myeupe. Geuza majani asubuhi mapema, tafuta mbawakavu mweusi wa milimita 3 au 4 mwenye miiba mgongoni, ni Trichispa. Mkubwa anakwangua jani, ndiyo mistari. Mtoto wake anaishi katikati ya ngozi mbili za jani na kuacha madoa makavu kama malengelenge. Kwa mpunga ulioshika ardhi, mikwaruzo hiyo peke yake haipunguzi mavuno kwa kiasi cha kutisha. Ubaya wake ni kwamba anabeba kimyanga, ugonjwa wa kirusi unaoudumaza mpunga.

Na hapo ndipo kona yako ya njano inaponitia wasiwasi. Angalia majani machanga: yakiwa na michirizi ya njano na kijani iliyochanganyika, mashina yamedumaa na machipukizi ni machache, na hali iko kwa kiraka, ni kimyanga. Ukosefu wa naitrojeni hupaka jaruba zima, na huanzia majani ya chini. Ukosefu wa zinki nao huanza chini, kwa madoa ya rangi ya kutu, wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza. Kimyanga ni kirusi. Kiligunduliwa Kenya mwaka 1966, kando ya Ziwa Victoria, na mpaka leo hakuna dawa ya kukiponya. Hakisambai kwa mbegu. Kinasambazwa na mbawakavu, panya, ng'ombe wanaokatiza shambani, na mikono na mapanga yetu wenyewe.

Kwa hiyo leo ng'oa mashina yote ya kiraka hicho pamoja na yanayokizunguka, yafukie au yachome nje ya shamba, nawa kwa sabuni, na jaruba hilo liwe la mwisho kuingiwa na wapaliliaji. Mapengo usiyajaze kwa miche kutoka jaruba hilo.

Halafu uhesabu. Pita shamba kwa mshazari, simama kwenye mashina 20, hesabu machipukizi yote na yaliyokauka moyo. Tafuta pia mafungu ya mayai juu ya majani. Ya Chilo hupangana kama magamba ya samaki. Ya Maliarpha, funza mwingine wa mabua, yana gundi kali inayolikunja jani, kama limebanwa na kibanio. Ya Sesamia hutayaona, yamefichwa kati ya ala na bua. Rudi na namba.

Mtoto wa Tandika

Mnazunguka sana. Tafuta ile ya chenga ya zambarau, rusha kwenye maji, funza wote chali. Wazee wametumia miaka yote.

Bi Majaruba

Mdogo wangu, chenga za zambarau unazosema ni carbofuran. Inafanya kazi, sibishi: mzizi unainywa, inapanda mpaka ndani ya bua. Ila ni sumu kali mno kwa binadamu, ndege na samaki, na tangu 2017 viuatilifu vyake vimo kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali za hatari zisizoingizwa nchini bila ridhaa ya nchi husika. Ndege au bata akiokota chenga chache ni kifo. Watu wanairusha kwa mkono mtupu, halafu wanakula muhogo palepale kwenye kingo.

Kuna na jambo la Ruvu lenyewe. Maji ya jaruba yakitoka yanarudi mtoni, na mto huo ndio unaoinywesha Dar kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Unachorusha kule kinakusubiri bombani Mbezi.

Dawa yoyote ya chenga, hata iliyo salama kuliko hiyo, inataka maji ya sentimita 3 hadi 5 yaliyotulia kwa siku 3 au 4, tundu la kutolea likiwa limezibwa. Majaruba mengi ya mfereji kingo zinavuja. Chenga zinaondoka na maji, mkulima anasema dawa ni feki.

Mkulima wa Mbezi

Asanteni sana. Nimerudi na namba.

Mashina 20, machipukizi 340, yaliyokauka moyo 19. Niliyopasua 10: 7 yana funza asiye na miguu mwenye ncha mbili nyuma, 2 yana kiwavi mwenye kichwa cha kahawia, 1 halina kitu. Mayai sikuona hata fungu moja. Mbawakavu mwenye miiba nimewakuta wachache upande wa pori. Kile kiraka ni mita 6 kwa 4 na michirizi ni kama Bi Majaruba alivyoeleza, nimeshang'oa. Bomba nimepima ndani ya tope na nozo mpya: lita 2.6 kwa mita 10 kwa 10, sawa kabisa na mfano wa Nozo Moja.

Sasa nipige nini?

Nozo Moja

Usipige kitu.

19 kwa 340 ni asilimia 5.6, na wengi wao ni Diopsis, ambaye hupendelea mpunga mchanga na huisha makali mpunga ukikomaa. Machipukizi mapya yatafidia. Mizunguko yako mitatu iliyopita imeua pia buibui, kerengende na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya vipepeo wa funza. Jamii hii ya dawa haichagui. Wape nafasi warudi.

Waliojifunza hili kwa gharama kubwa ni Indonesia. Walikuwa wakipiga dawa kwa ratiba, maadui wa wadudu wakafa, na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mabua akalipuka akala mashamba. Mwaka 1986 serikali yao ilipiga marufuku dawa 57 zisitumike kwenye mpunga. Ratiba ya kila siku tisa ni ugonjwa uleule.

Hela uliyokusudia kwa mzunguko wa nne itunze kwa ajili ya mimba. Hapo ndipo mpunga hauna fidia: funza akikata bua lililobeba suke, suke linatoka jeupe, tupu, na shina halitoi jingine. Kwa SARO 5 yako tegemea mimba kuanzia siku ya 55 hadi 60 tangu kupandikiza. Kuanzia siku ya 50 kagua mara mbili kwa wiki. Alama ya kuchukua hatua ni fungu 1 au 2 za mayai kwa mita ya mraba, au vipepeo wengi wakiruka unapopita asubuhi. Ukiona mayai hesabu siku: yanaanguliwa ndani ya wiki moja hivi, na dawa inatakiwa iwe kwenye jani viwavi wanapotoka.

Hapo ndipo naweza kukushauri ulipie dawa ya bei kubwa zaidi. Chlorantraniliprole ya gramu 200 kwa lita huingia ndani ya jani na kudumu wiki mbili na zaidi, na ni nyepesi kwa buibui na nyigu. Dozi yake kwenye mpunga huwa karibu ml 60 kwa ekari, thibitisha kwenye lebo. Kwa mabomba 6.5 ni ml 9.2 kwa bomba. Tuseme dawa ya ekari imekugharimu sh 30,000 (namba ya mfano tu), mpigaji sh 19,500. Jumla sh 49,500 kwa ekari, mara moja. Chukua mavuno ya kilo 2,000 kwa ekari na bei ya sh 900 kwa kilo: sh 49,500 ni kilo 55, chini kidogo ya asilimia 3 ya mavuno. Ukiona mayai ni machache kiasi kwamba masuke meupe hayatafika asilimia 3, kaa na hela yako.

Ukishayaona masuke meupe usipige. Funza ameshakula, suke haliwi bichi tena.

Bi Majaruba

Niongeze hapo kwenye masuke meupe, maana wengi hupoteza hela. Livute. Likichomoka kirahisi na chini limetafunwa, ni funza. Likigoma, ukaona kifundo cha shingo ya suke kimekuwa cheusi au kahawia na kuoza, huo ni ugonjwa wa ukungu, kiuadudu ni maji tu. Nimeshaona watu wakipiga lambda mara mbili kwenye shingo iliyooza. Na kuna yule Maliarpha niliyemtaja: mara nyingi hakaushi moyo, anakaa ndani ya bua la chini akilidhoofisha, suke linatoka jepesi lenye pepe (punje tupu) nyingi na mkulima anailaumu mbegu. Ndiyo maana ukivuna pasua mabua machache ya chini, ujue msimu ujao una mgeni gani.

Urea nayo ni dawa ya wadudu kinyumenyume. Ukimwaga mfuko mzima wa kilo 50 kwenye ekari kwa siku moja, mpunga unakuwa wa kijani iliyoiva, laini, na vipepeo wa funza wanaupenda hasa. Igawe, sehemu baada ya miche kushika, sehemu kabla ya mimba.

Viwavijeshi hawangoji hesabu ya asilimia. Ukiwaona wakiingia kwa wingi wakiwa wadogo, chini ya sentimita moja na nusu, piga jioni hiyohiyo, anza na ukanda wanaoingilia, na toa taarifa kwa afisa ugani. Wakishanenepa wamebakiza siku chache tu za kula na dawa nyingi inapotea. Kwelea kwelea si kazi ya bomba la mgongoni, hao ripoti tu.

Mama Nafaka wa Kigamboni

Naomba nigusie kununua, maana nusu ya "dawa haifanyi kazi" inaanzia dukani.

Usiulize "dawa ya funza". Uliza kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, na gramu zake. Kwenye rafu moja unaweza kukuta chupa nne za majina tofauti, rangi tofauti, bei tofauti, zote lambda ya gramu 50. Linganisha kwa bei ya ekari. Chupa ya sh 12,000 ya nusu lita yenye gramu 25 kwa lita ni ghali kuliko ya sh 24,000 ya lita moja yenye gramu 50: ya kwanza ina gramu 12.5 za kiambata, ya pili 50, na gramu 5 ndizo ekari inazotaka. Sh 4,800 kwa ekari dhidi ya sh 2,400.

Angalia lebo ya Kiswahili, namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, wengine bado wanaiita TPRI), tarehe ya mwisho, na kama mpunga umetajwa. Lakiri isiwe imefunguliwa. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kama unahitaji ml 100 tu. Dai risiti. Chini ya lebo kuna utepe wa rangi: nyekundu ndiyo kali kupita zote, inafuata njano, bluu, kijani.

Tazama pia namba ya kundi, inayoonyesha dawa inamuua mdudu kwa njia gani. Lambda na cypermethrin zote ni kundi 3A, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine si kubadili dawa, ni kubadili karatasi. Chlorantraniliprole ni kundi 28. Imidacloprid ni 4A, inafaa wadudu wafyonzaji, kwa kiwavi ndani ya bua usiitegemee. Kuchanganya mbili kwa mpigo, swali lako la mwanzo: hapana. Unalipia mbili, unaua marafiki wote, na zisipopatana zinaganda chini ya bomba. Na ile sabuni ya unga wanayoongeza "ishike" ni ya magadi, inaharibu dawa kadhaa ndani ya bomba kabla hujaanza kupiga.

Kwa msimu ujao, pesa iko kitaluni. Kitalu cha ekari moja hakizidi mita za mraba 400, sehemu ya kumi ya ekari. Dozi ya ml 100 kwa ekari inakuwa ml 10 kwa kitalu kizima, dawa ya sh 240. Trichispa akidhibitiwa hapo, kimyanga hakipandi gari kwenda shambani. Na kama wadudu ni wachache, mwarobaini unatosha, Dar nzima imejaa: kokwa zilizokaushwa kivulini, saga gramu 600, loweka usiku kucha kwenye lita 12, chuja kwa kitambaa mara mbili, piga jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake. Unazuia walaji wa majani. Kwa funza aliye ndani ya bua hausaidii.

Mkivuna kateni chini kabisa, mabua msiyaache yakachipua maotea. Funza hulala humo wakisubiri msimu, na kirusi pia. Lima au zamisha kwa maji mapema, na mkubaliane na majirani kupanda kwa wiki zinazokaribiana. Anayepanda mwezi mzima nyuma ya wenzake ndiye anayewapokea wadudu wa wote.

Mkulima wa Mbezi

Nimeelewa, mzunguko wa nne nimeufuta. Mawili ya mwisho. Ikibidi kupiga wakati wa mimba, saa ngapi? Na dawa ikibaki kwenye bomba naimwaga wapi? Kuna jirani chini yangu ana bwawa la perege.

Nozo Moja

Kwenye mimba piga asubuhi saa 12 na nusu hadi saa 3, kabla upepo haujaamka, au baada ya saa 10 jioni. Wingu la mvua likiwepo ahirisha. Ikitokea baadhi ya majaruba yameanza kuchanua, hayo yapige jioni tu: maua ya mpunga hufunguka kuanzia kama saa 3 asubuhi hadi mchana, na ukiyalowesha wakati huo unajitengenezea pepe. Mpigaji atembee upepo ukimpiga ubavuni, nozo ya koni, sentimita 40 hivi juu ya majani. Bomba likiwa la betri mwangalie kwenye bomba la tano na kuendelea: betri ikichoka shinikizo linashuka na yeye haoni.

Kuchanganya: maji nusu bomba, dawa, tikisa, jazia. Ya siku hiyo iishe siku hiyo.

Kwa ajili ya perege, ziba tundu la kutolea la kila jaruba siku moja kabla, na usilifungue mapema. Lebo ikitaja siku za kushikilia maji, fuata. Acha safu ya mita 5 upande wa bwawa bila kupigwa, na mwambie jirani siku utakayopiga. Lambda ni sumu kali kwa samaki, kwa hiyo hiyo iliyobaki kwenye chupa yako isitumike upande ule kabisa.

Kuhusu kubaki, ukishapima vizuri haibaki. Bomba la mwisho changanya nusu: kwa ekari 5 unahitaji mabomba 32 na nusu, hivyo la 33 liwe lita 8 na ml 4.6 za dawa. Tone likibaki ongeza maji mara kumi, lipige kwenye jaruba lilelile ambalo lilipata kidogo. Suuza bomba mara tatu, maji ya kusuuzia yaende humohumo, kamwe si mferejini. Chupa isuuzwe mara tatu ndani ya bomba kabla ya kuanza kupiga, uitoboe kitako isije ikawekewa mafuta ya taa.

Mkulima wa Mbezi

Siku ya 50 nitaweka hesabu ya mayai hapahapa, jaruba kwa jaruba.